Nilivyozitoa video za kupamba kwenye simu bila kumpa fundi

Harusi ya mdogo wangu iliisha Jumapili, na Jumatatu simu yangu ikagoma: nafasi imejaa. Ndani mlikuwa na GB 14, karibu zote za video za kupamba, siku ya kumwonyesha bibi harusi, na za vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, wanawake peke yao, vichwa wazi, bibi harusi na hina na piko mpaka viwikoni. Aliye Lamu anajua kwamba video hizo mwanamume haoni. Sasa ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa "mpe fundi pale Langoni akuhamishie". Mpaka leo unaniudhi, maana waliousema ni wanawake wenzangu, na wao wenyewe wamo kwenye video!

Binamu yangu akasema Bluetooth. Nikaiwasha kwenye simu na kwenye laptopu, zikaonana, tarakimu sita zikatokea kwenye vioo vyote viwili. Hakikisheni zinafanana kabla hamjakubali. Nyumba za Mkomani zimebanana, na orodha ilinionyesha simu tatu za majirani. Nikatuma picha, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nusu saa nzima nazima na kuwasha, kumbe laptopu ya Windows haipokei kitu mpaka uiweke tayari: unaingia kwenye mipangilio ya Bluetooth, unabonyeza pa kupokea faili, ndipo unatuma. Picha ikaingia. Kwa furaha nikatuma video ya GB 1. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaswali, nikapakua wali, nikala, nikaosha sahani, na mstari bado unatambaa. Zaidi ya saa moja kwa GB moja! Bluetooth ni ya picha mbili tatu, harusi nzima haiwezi.

Basi waya. Nikachomeka, simu ikachaji, laptopu kimya. Hapo ndipo nikamwendea fundi, lakini kwa mdomo tu, simu imo mkobani. "Tundu limekufa hilo, dada, tubadilishe." Elfu mbili na kitu. Nikamshukuru nikaondoka.

Nyumbani nikaizima simu, nikachukua kijiti cha kuchokolea meno, nikaanza kuchokoa tundu polepole kando ya ule ulimi wa katikati. Likatoka donge la ukubwa wa punje ya dengu, nyuzi za vazi langu la buibui zilizogandamana na mchanga wa Shela. Msitumie sindano, chuma kitaharibu vile vishikizo vidogo vya ndani. Waya sasa ukaingia mpaka ukalia "tik", ambao sikuusikia miezi kadhaa. Laptopu bado kimya.

Ndipo nikautazama waya wenyewe, ule wa kununua barabarani kwa shilingi mia. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Kuna zinazouzwa zikiwa na za umeme tu, na hizo zitakuchajia simu maisha yote wala zisikuhamishie hata picha moja. Kabatini mwa mama kulikuwa na boksi la simu yake, na waya wake haujawahi kufunguliwa. Nikauchomeka, laptopu ikalia papo hapo! Folda ilikuwa tupu, lakini hilo si tatizo: shusha arifa juu ya kioo cha simu, gusa ile ya USB, badilisha kutoka kuchaji kwenda kuhamisha faili. GB zote 14 zikaingia kwa kama robo saa.

Shangazi wa Malindi alituletea flashi yake apate nakala. Ina nafasi ya GB 32, tupu, na ikaikataa video ya kupamba yenye GB 5 kwa sababu ilikuwa imeformatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao haubebi faili moja linalofika GB 4. Nikaiformati kwa exFAT, ikakubali. Kesho inavuka na mama hadi Mokowe na kupanda naye basi, ndani ya mkoba wake. Kwa kondakta haitumwi.