Muhuri unasema nilikuwa Dodoma, pasipoti inasema nilikuwa Philadelphia

Mbukwenyi, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Simu iliita saa tisa usiku. Mnaoishi huku mnajua, simu ya saa hizo kutoka nyumbani ni msiba, au ni mtu aliyesahau kuhesabu masaa. Nilikaa kitandani nikimtaja mama moyoni kabla ya kupokea. Kumbe ni askari wa usalama barabarani, kwao Dodoma ni saa nne asubuhi, ananiuliza kwa upole kabisa kama mimi ndiye mwenye Noah iliyomgonga mtu wa bodaboda karibu na Kibaigwa.

"Afande, gari hilo nilishauza."

"Uliuza lini, ndugu yangu? Maana kadi ya gari inasoma jina lako."

Niliuza Julai 2023. Simu ilikuja Mei 2024. Kijana wa bodaboda, Mungu mkubwa, alivunjika mguu tu na bima ilikuwa hai. Lakini usiku ule sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba miezi kumi baada ya kupokea hela yangu, bado nilikuwa mwenye gari.

Ilivyokuwa ni hivi. Mdogo wangu alipata mnunuzi, mfanyabiashara wa mahindi pale soko la Kibaigwa, bei milioni 14. Wakaenda kwa wakili mmoja mjini atengeneze mkataba wa mauziano na hati ya kiapo, halafu afuatilie na kuhamisha umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato, TRA. Akalipwa yote kwa pamoja. Mimi nikatumiwa kurasa kwa WhatsApp, nikazichapa, nikasaini juu ya meza ya jikoni huku chai inapoa, nikazipiga picha, nikazirudisha. Jioni hiyo hiyo zikawa na muhuri: imeapwa na kusainiwa mbele yangu, hapa Dodoma, leo tarehe fulani. Tarehe hiyo nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, Philadelphia, namgeuza mzee wa kizungu upande wa pili asipate vidonda.

Niliusoma muhuri ule. Niseme ukweli, nilicheka. Nikajiambia nyumbani bwana, mambo yanakwenda.

Hayakwenda. Kwenye namba ya chasisi, nane moja iliandikwa tatu. Tarakimu moja. Maombi ya kuhamisha umiliki yakarudi kwa sababu chasisi ya kwenye mkataba si ile ya kwenye kadi. Wakili alilijua hilo ndani ya wiki mbili. Mdogo wangu akipiga anaambiwa "linashughulikiwa", baadaye simu ikawa haipokelewi. Mnunuzi naye hakuwa na haraka. Ana gari, ana funguo, ana kadi mkononi, jina la nani si tatizo lake. Nilipoingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki nikakuta faini saba, kila moja 30,000. Jamaa anaendesha kama anawahi kuzaliwa upya.

Huku Pennsylvania, jimbo iliko Philadelphia, nimeuza gari mara moja. Tulikwenda kwenye kijiduka cha notari, kile kinachouza pia kadi za simu, mimi na mnunuzi tukasimama mbele ya mama mmoja, akaangalia leseni zetu, tukasaini hati ya umiliki, akagonga muhuri. Halafu nikatoka nje na bisibisi nikafungua namba yangu nikaondoka nayo, maana huku namba ni ya mtu, gari linaondoka bila namba yako. Kwetu namba inabaki kwenye gari maisha yake yote, kwa hiyo kama kadi haijabadilishwa, kila anachokifanya dereva huko porini kinakuja kukusabahi wewe.

Na notari wa huku si lazima awe mwanasheria. Anasoma kozi ya saa tatu, anafanya mtihani, anaweka dhamana. Akikuharibia, unamshtaki kwa mamlaka ya jimbo iliyompa kazi, na dhamana ile unaweza kuidai. Kwetu anayegonga muhuri huo kwa kawaida ni wakili kamili, na hapo ndipo wengi tunapoingiwa na woga. Utamshitaki vipi wakili? Kwa wakili gani?

Septemba nilichukua likizo nikashuka Dodoma, vumbi la mwezi huo mnalijua. Nikamtafuta rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, sasa ni wakili. Tukakaa Area C na nyama ya mbuzi, nikamwaga yote. Nilikuja na hasira, nataka jamaa afutwe, afungwe, anilipe, vyote siku moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasafisha vidole, akauliza swali moja: "Kaka, na wewe ulisainia wapi?"

Nikanyamaza.

Sheria ya Sura ya 12, ile ya mathibitisho na viapo, inamtaka kamishna wa viapo, yaani wakili anayegonga muhuri, aandike mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Maana yake anathibitisha kwamba mtu alikuwa pale, mbele yake. Wakili yule alithibitisha jambo ambalo halikutokea. Lakini mtu wa pili aliyejua kwamba halikutokea ni mimi, na karatasi niliirudisha mwenyewe nikaweka na emoji ya kidole gumba. Ukikimbilia polisi kudai kuna kughushi, alisema rafiki yangu, jiandae kueleza WhatsApp yako. Pasipoti yako itamshika yeye, na simu yako itakushika wewe.

Basi akanipangia. Kwanza jina litoke kwenye kadi, mengine yasubiri. Mtu mwenye jina kwenye kadi ndiye anayedhaniwa mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo, na uthibitisho wangu ulikuwa na chasisi ya gari lisilokuwepo. Kila siku ya kugombana na wakili ni siku nyingine Noah iko barabarani kwa jina langu. Kwa hiyo mkataba mpya, kiapo kipya, mnunuzi aje, ilipwe ada ya kuhamisha 50,000 na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei.

Hela ndiyo ikafuata. Wakili akipokea ada kwa kazi asiyoimaliza, au akaifanya kizembe ukapata hasara, unamdai kama fundi mwingine yeyote. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya uzembe miaka 3, baada ya hapo mlango umefungwa. Tukakusanya: risiti, miamala ya simu, meseji zote za "linashughulikiwa", jibu la kukataliwa maombi, orodha ya faini. Meseji za simu siku hizi zinapokelewa mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishalimaliza hilo. Tukaandika barua ya madai, tukampa siku 14. Siku ya tisa akapiga mwenyewe. Sauti ya asali. Akarudisha ada yote, akalipa zile faini 210,000, akaomba "tuyamalize kindugu". Nauli ya ndege sikumdai, ingawa mdogo wangu hadi leo ananiona mjinga kwa hilo.

Liko la tatu, la nidhamu. Kuna Kamati ya Mawakili, imo kwenye Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Inaweza kumpa wakili onyo, kumsimamisha, hata kuliondoa jina lake kwenye orodha. Kurudishiwa hela hakukuzuii kwenda huko, maana huko hugombanii chako, unalinda wengine. Malalamiko yanaambatana na hati ya kiapo, nayo unaiapa mbele ya wakili mwingine. Nilicheka tena, safari hii kwa uchungu kidogo. Barua nimeiandika. Imo ndani ya begi. Kila nikiitoa nasoma aya ya nne, ile inayoeleza nilisainia wapi, naikunja tena.

Mlio mbali, hati ya uwakilishi ingeniepusha na haya yote: unaisaini huko uliko, mbele ya notari wa huko, ubalozi unaithibitisha, halafu ndugu yako anasaini Dodoma kwa niaba yako, kihalali, yeye ndiye aliyepo. Na kabla ya kumpa mtu hela, liangalie jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, kama anaruhusiwa kufanya kazi. Wangu aliruhusiwa, kwa taarifa yenu. Hakuwa kishoka. Alikuwa na haraka tu, na mimi nilikuwa na haraka kumzidi.

Wakili wa mkataba na kiapo kipya alikuwa dada mmoja wa makamo, ofisi ndogo, feni moja. "Pasipoti," alisema kabla sijakaa. Akapekua hadi akauona muhuri wa kuingia nchini, akaulinganisha na kalenda ya ukutani. Kisha akamtuma mdogo wangu nje kwenye gari asome chasisi kwa sauti kupitia dirishani, tarakimu moja moja, yeye akitia alama kwa penseli, na mnunuzi wa Kibaigwa akiitazama kadi. Walipofika kwenye nane, dada akainua mkono: "Rudia hapo." Mdogo wangu akarudia. "Nane, dada. Nane kabisa."

Nikaapa, nikasaini. Jioni nikamkuta mama uani anachambua mlenda.

"Mwanangu, nauli yote hiyo kutoka Marekani, kwa ajili ya kusaini mara moja?"

"Tatu, mama. Nakala zilikuwa tatu."