Treni yangu iko Nakuru kwa meza ya mama, na huko mtandaoni ilikuwa inapigwa mnada

Jumatano jioni nimetoka kazini nimekaa tu nangoja chai, simu ikalia, ni rafiki yangu wa Kisumu, yule wa kutengeneza meli ndogo ndogo za ziwa kwa mbao. Ametuma linki na chini ameandika, "Omera, unauza ile treni na hata huniambii? Si ungeniuzia mimi."

Sijawahi kuuza treni yoyote, na hii ni modeli ndogo niliyotengeneza kwa mikono yangu. Nikafungua hiyo linki nikapata ni mnada, wa siku 7, zimebaki siku 3, watu 6 wameshaweka bei na imefika dola 210. Na picha ni za treni yangu. Zote tano.

Wacha nieleze hiyo treni ndio uelewe kwa nini iliniuma hivyo. Ni mfano wa injini ya mvuke ya Garratt, klasi ya 59, zile kubwa za reli ya Afrika Mashariki zilizotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester, Uingereza. Zilikuja 34, miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa huku kwetu. Boila iko katikati imebebwa na injini mbili, moja mbele moja nyuma, kwa hivyo mnyama mrefu hivyo anaweza kujikunja kwa kona za reli yetu ya upana wa mita moja. Babu yangu alifanya kazi ya reli, akaanzia Nairobi kabla ya kuhamishiwa Nakuru, na hizo 59 alizisimulia mpaka anaingia kaburini. Mimi nimekulia landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nimelala nikisikia mabehewa yakigongana yadi, na niliapa siku moja nitamtengenezea yake.

Nilienda makumbusho ya reli Nairobi mara mbili na tepu ya fundi cherehani, nikapima ile 5918, Mount Gelai. Nikaifanya kwa kipimo cha moja kwa hamsini, ikatoka sentimita 63 na kitu. Boila ni bomba la PVC la inchi moja na nusu, paa la kebini ni kopo la maziwa ya unga, magurudumu ni 28 na yale makubwa 16 nilikata moja moja kwa msumeno wa chuma. Zile ribiti za tangi, vile vichwa vidogo vya misumari ya kuunga mabati, nilizidunga na sindano kutoka nyuma ya kadibodi, mstari kwa mstari, usiku, miezi saba. Kwa tangi la mbele upande wa kushoto kuna mstari mmoja umeshuka kidogo ukikaribia mwisho, hapo mkono ulikuwa umechoka na sikurudia. Huo mstari naujua kama kovu la mguu wangu, na ulikuwa pale kwa picha ya mnada, umeshuka vilevile.

Na huyo muuzaji ameandika eti imetoka kwa familia ya mzee wa reli aliyefariki. Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Babu yangu ndiye mzee wa reli aliyefariki.

Kitu cha kwanza nilitaka kufanya ni kumwandikia huyo mtu maneno makali, na nashukuru rafiki yangu alinipigia haraka akaniambia usimguse, ukimwandikia atafuta kila kitu ahamie akaunti ingine ubaki bila ushahidi. Piga skrini shoti kwanza. Basi nikapiga zote, ukurasa mzima, namba ya bidhaa, jina la muuzaji, tarehe na saa, zile bei, nikajitumia kwa imeili ndio zibaki na tarehe yake. Halafu rafiki yangu akaingia na akaunti yake kama mnunuzi, akamuuliza kwa heshima tu, tafadhali nipigie picha moja mpya, weka karatasi yenye tarehe ya leo kando ya treni. Mtu akiwa na kitu nyumbani hiyo ni kazi ya dakika mbili. Akajibu ameshaipaki kwa kartoni hawezi kuifungua. Hapo hata kama ulikuwa na shaka inaisha. Kuna mtu mahali atalipa hizo dola apokee boksi tupu ama asipokee kitu kabisa, na atakayelaaniwa ni mwenye treni.

Usiku huohuo nikabonyeza ile sehemu ya kuripoti, nikaandika hadithi ndefu kwamba huyu ni mwizi, anadanganya watu, hana hii treni, iko kwetu Nakuru. Asubuhi nikapata jibu la mashine, wameangalia na hawajaona kosa. Nilikasirika sana, nikaandika tena, jibu likawa lilelile.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu, anasomea sheria. Akaniambia, "Kaka, wewe si mnunuzi, hakuna pesa yako iliyopotea pale, kwa hivyo hiyo stori ya utapeli kwao ni ya mtu wa pembeni. Kitu chako pale ni picha. Dai picha." Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 picha inalindwa tangu unapoipiga, miaka 50, na si lazima uwe umeisajili popote. Na hiyo kampuni ya mnada iko Marekani, huko kuna sheria ya mwaka 1998 ambayo inafanya wenye tovuti wawe na njia ya kupokea madai ya mwenye kazi, na wakipuuza dai lililokamilika wanajiweka pabaya wao wenyewe. Ile sehemu ya kuripoti niliyotumia ni ya watu wote. Ya wenye haki ni fomu tofauti kabisa, imefichwa chini huko kwa kurasa za msaada, nilitafuta karibu saa nzima na bando inaisha.

Hiyo fomu haitaki hadithi. Inataka useme kazi yako ni gani, iko wapi kwa tovuti yao (linki na namba ya bidhaa, si "ile treni nyekundu"), jina lako na anwani, useme unaamini kwa nia njema kwamba aliyeitumia hana ruhusa, na uthibitishe chini ya kiapo kwamba wewe ndiye mwenyewe ama umetumwa na mwenyewe. Halafu sahihi, na kuandika jina lako tu inatosha. Pale kwa kiapo nilisimama. Kati ya zile picha tano, mbili alipiga dada yangu na simu yake, mimi nilikuwa nimeshika taa. Nikaona siwezi kuapa kitu nusu nusu, nikadai tatu nilizopiga mwenyewe, basi. Na sikuandika neno mwizi hata mara moja.

Ushahidi ndio sehemu nilifurahia. Faili zangu za asili ziko kwa simu, upana wa pikseli 4000, na ndani zina tarehe na aina ya simu iliyopiga. Zile za mnada zina pikseli 1080 na hazina chochote ndani, kwa sababu ukipost mitandaoni ama ukituma WhatsApp kwa kawaida picha inapunguzwa na hizo taarifa zinafutwa. Lakini kitu kilichomaliza maneno ni kikombe cha mama. Kwa picha yangu ya asili, kushoto kuna kikombe cha bati cheupe chenye mdomo wa bluu kimekaa juu ya kile kitambaa mama alishona na krosha. Huyo jamaa alikata picha ndio aondoe jina langu lililokuwa pembeni, na akakata kikombe katikati, kwa hivyo kwake unaona mkono wa kikombe peke yake umening'inia pale. Mimi ninacho kikombe kizima. Yeye hawezi kukitoa popote. Nikaweka picha mbili kando kwa kando, na ya tatu nikapiga siku hiyo, treni na kikombe na kitambaa na karatasi ya tarehe.

Nilituma Alhamisi saa tano usiku. Jumamosi asubuhi mama ananiita chai, nafungua linki, bidhaa imeondolewa. Ilikuwa imebakisha saa chache na bei ilikuwa imepita dola 300. Binamu alikuwa amenionya kwamba muuzaji anaweza kupinga, na akipinga rasmi inabidi uende kortini la sivyo picha zinarudishwa baada ya siku kumi na kitu za kazi, kwa hivyo nilikaa na wasiwasi wiki mbili nzima. Hakupinga. Angepinga angesema nini.

Lakini sasa kuna zile zingine. Alikuwa anauza vitu 11 na kila picha ina nyumba yake, moja kapeti, moja gereji, moja nyasi za mtu, hiyo peke yake inakuonyesha hazitoki kwa mtu mmoja. Nikazipitisha Google Lens na TinEye, zile za kutafuta picha imetoka wapi mtandaoni, moja baada ya nyingine. Nikapata wenyewe wawili, mzee mmoja Uingereza mwenye meli ya mvuke na kijana mmoja Japani mwenye ndege. Siwezi kuwadaia mimi, fomu inamtaka mwenyewe, kwa hivyo nikawaandikia, nikawapa linki, skrini shoti na maneno ya kuweka. Mzee alijibu siku hiyohiyo na meli yake ikatolewa. Kijana hajajibu.

Siku hizi jina langu naliweka katikati ya boila, hapo ukilikata umekata treni. Inaharibu picha kidogo, najua, na bado naona ni afadhali. Na kikombe nakiacha pale makusudi.

Akaunti ya huyo muuzaji bado iko. Jana nimeingia nikakuta ameweka lori la jeshi la zamani, la mbao, kazi safi sana, magurudumu ya kandambili yamechongwa mpaka meno ya tairi yanaonekana. Limepigwa picha juu ya meza ya kijani iliyobanduka rangi pembeni, na nyuma kuna kalenda ya ukutani yenye maneno ya Kiswahili, kwa hivyo mwenyewe ni mtu wa huku kwetu. Mnada unaisha Jumapili usiku. Kama hiyo meza unaijua, mwambie mwenyewe anitafute, fomu nitamwonyesha iko wapi.