Siku moja maishani mwangu: bustani ya umma wiki ya bajeti

Januari na Februari ni miezi ya bajeti katika halmashauri za Dar es Salaam. Mwongozo umeshatoka Hazina, mitaa na kata zimeshaleta vipaumbele, na kila idara inapeleka makisio yake kwenye kamati. Baraza la Madiwani likishapitisha, makisio huenda Sekretarieti ya Mkoa, kisha OR-TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia halmashauri), kisha bungeni, ili Julai 1 mwaka mpya wa fedha uanze. Ni miezi ya kaskazi pia. Jua linawaka, ukoka umegeuka rangi ya mkeka, na bustani inayojadiliwa kwenye makaratasi haifanani kabisa na itakavyokuwa Aprili. Hivi ndivyo siku ya afisa bustani inavyokwenda wiki hiyo.

Saa 11:30 alfajiri

Kazi inaanza kabla hakujapambazuka, maana taa mbovu huonekana gizani. Bustani yetu ina nguzo 16, kila moja na namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye kimo cha macho. Namba hiyo inaokoa muda mwingi. Fundi akiambiwa "ile taa ya karibu na mwembe" atapoteza asubuhi nzima. Akiambiwa nguzo namba 9, anaenda moja kwa moja.

Kwenye daftari tunaandika namba na dalili, kwa sababu dalili inataja ugonjwa. Ikizima taa moja peke yake, shida iko kwenye taa yenyewe au kwenye maungio ya waya chini ya nguzo, pale mfuniko ulipolegea na maji au sisimizi wakaingia. Zikizima zote za mstari mmoja, ni sakiti breka imeruka au waya umekatwa. Zikizima za bustani nzima, angalia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kabla ya kumwita mtu yeyote. Taa inayowaka mchana kutwa ina kihisi mwanga kilichokufa au kilichofunikwa na kinyesi cha kunguru, nayo inakula uniti bure.

Taa za sola zina hesabu yake. Ikiwaka saa 1 usiku ikazima saa 4, watu hukimbilia kusema betri imekufa. Mara nyingi mti umekua ukaifunika paneli, au vumbi la barabarani limeganda juu yake. Kata tawi, futa paneli, subiri siku tatu. Ikiendelea kuzima mapema, hapo ndipo betri inunuliwe.

Saa 12:30 asubuhi

Kikundi cha usafi kinaingia. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na kazi za bustani zinawafaa sana. Kinachoharibu ni mkataba ulioandikwa "kufanya usafi wa bustani". Maneno hayo hayapimiki, kwa hiyo ugomvi hauishi: wao wanasema wamefanya, mkaguzi anasema hakuona. Mkataba mzuri unataja urefu. Ukoka usizidi sentimita 8. Vichaka visizidi sentimita 80. Matawi ya miti iliyo kando ya njia yaanzie mita 2 na nusu kwenda juu.

Vipimo hivyo viwili vya mwisho ni vya usalama, ingawa vinakaa kwenye kifungu cha mazingira. Kati ya kichaka kilichokatwa na tawi lililoinuliwa panabaki dirisha ambalo mtu mzima anaona mbele yake na anaonekana kutoka barabarani. Kichaka cha mita moja na nusu pembeni ya njia ni maficho, hata chini ya taa nzima. Nalisisitiza hili kila mahali ninapopata nafasi ya kusema.

Mashine za kukatia majani huchanganyiwa oili asubuhi. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, lita 5 za petroli zinaingia mililita 100 za oili. Soma kipimo cha mashine yenyewe, maana nyingine zinataka 1 kwa 25, na ukikosea kwa upande wa oili kidogo pistoni inakwama. Uzi wa nailoni usikaribie shina la mti mchanga. Unachubua ganda kidogo kidogo, na siku ganda likichubuka mzunguko mzima mti unakufa, halafu lawama inapewa jua. Acha mviringo wa nusu mita bila nyasi kuzunguka kila mche, palilia kwa mkono.

Kwenye bembea tunapitisha mkono kwenye kulabu na minyororo. Kulabu iliyolika theluthi moja ya unene haingoji bajeti, bembea inafungwa siku hiyohiyo. Mchanga chini yake uwe sentimita 30, upimwe pale miguu inapogusa, maana hapo ndipo huchimbika. Mifuniko ya mashimo tuliacha ya chuma zamani. Inaibwa kuuzwa kama chuma chakavu na kuacha shimo wazi njiani. Ya zege haina mnunuzi.

Saa 1:30 asubuhi

Maji. Funga bomba zote kisha soma mita ya DAWASA. Ngoja robo saa, soma tena. Namba ikisogea, kuna mpira unaovuja chini ya ardhi, na mara nyingi ni pale hema la shughuli lilipopigiliwa vigingi.

Ukoka wa mita za mraba 4,000 ukimwagiliwa milimita 5 unakunywa lita 20,000, yaani maboza (magari ya maji) mawili ya lita 10,000. Mara mbili kwa wiki ni maboza manne, na kwa wiki nane za kaskazi ni 32. Hakuna kasma, yaani kifungu cha bajeti, inayobeba hilo, na mimi siliombi. Ukoka ukikauka Februari mizizi inalala, masika yakija unarudi wenyewe. Mche haurudi. Kwa hiyo boza linakwenda kwenye miche: lita 20 kila mmoja, mara mbili kwa wiki. Miche 60 ni lita 2,400 kwa wiki, tena inamwagiwa alfajiri au jioni, polepole, ndani ya kisahani cha udongo kilichotiwa mboji na majani makavu juu.

Swali la kisima huja kila mwaka. Kisima kinahitaji kibali cha matumizi ya maji cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na karibu na pwani maji yake huwa na chumvi. Pima chumvi kabla ya kununua pampu. Maji ya chumvi yanaacha ukoko mweupe juu ya udongo na kuunguza ncha za majani, na umwagiliaji ukizidi ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya.

Saa 3:00 asubuhi

Ofisini, jedwali la makisio linapitiwa mara ya mwisho kabla ya Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Hapa ndipo bustani inapoponea au inapofia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kosa la kwanza ni kuandika kufyeka "kila mwezi". Hiyo ni mizunguko 12. Sasa hesabu kwa mvua. Machi hadi Mei ukoka unataka kukatwa kila siku 10: mizunguko 9. Oktoba hadi Desemba, kila wiki mbili: 6. Miezi sita iliyobaki, mara moja kwa mwezi: 6. Jumla 21. Anayeandika makisio Januari anaangalia nyasi kavu dirishani na kuandika 12, halafu Aprili anashangaa fedha zimekwisha na nyasi ziko magotini.

Kosa la pili ni umeme. Taa 16 za wati 60 ni kilowati 0.96. Zikiwaka saa 12 ni uniti 11.52 kwa usiku, karibu 346 kwa mwezi, 4,205 kwa mwaka. Kama uniti hizo hazimo kwenye makisio kwa jina lake, taa mpya zitazinduliwa kwa shangwe na kuzima LUKU ikiisha. Ongeza na vipuri: taa mbili za akiba, vihisi viwili, na siku za fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo ni walinzi. Makisio mengi yanaandika "walinzi 2 wa usiku". Zamu ya watu wawili kwa saa 12, siku 28, ni saa 672. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani 180 kwa wiki nne. Gawanya 672 kwa 180 upate 3.7. Kwa hiyo nafasi mbili za usiku zinahitaji watu wanne, na hata hapo likizo ya siku 28 inadai saa chache za ziada. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Ukiandika wawili, mmoja atasinzia kwa uchovu na mwingine atakuwa msibani, na geti litakuwa tupu usiku uleule uliohitajika.

Saa 4:30 asubuhi

Kamati imekaa. Madiwani wana maswali ya haki, na swali linalorudi ni hili: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa nini tusiweke fedha zote kwenye ulinzi? Wananchi wanalalamika wanakabwa."

Jibu huanza na mipaka. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na halmashauri haipangi mishahara yao wala idadi yao. Doria huombwa kwa barua ya Mkurugenzi, na masuala ya usalama ya wilaya hukaa kwenye Kamati ya Ulinzi na Usalama chini ya Mkuu wa Wilaya. Zimamoto nao ni wa wizara hiyohiyo. Ulinzi shirikishi unaendeshwa na mtaa kwa michango ya wakazi. Kinachobaki mikononi mwa halmashauri ni mgambo, walinzi wa mkataba, taa za ndani ya bustani, uzio na vichaka. Kwa hiyo shilingi ya usalama ya halmashauri ina pa kwenda pachache, na pawili kati ya hapo ni kazi ya bustani.

Baada ya mipaka ninaonyesha daftari la matukio: tarehe, saa, pembe ya bustani. Daftari likiwekwa juu ya ramani ya nguzo, diwani anaona mwenyewe matukio yanavyorundikana kwenye taa zilizozima na kwenye vichaka virefu. Hoja hiyo ina nguvu kuliko hotuba. Ombi ni kwamba kufyeka, taa na walinzi viwe kwenye karatasi moja vinapojadiliwa, hata kama kila kimoja kina kasma yake. Vikitengana, upunguzaji wa dakika ya mwisho unakata "matengenezo ya bustani" kwa kuwa jina lake linasikika kama mapambo, halafu walinzi wanabaki wakilinda giza.

Swali la mapato nalo lina jibu. Ada za mikutano, harusi na vibanda hulipwa kwa kontroli namba (namba ya malipo ya serikali) na kuingia kwenye akaunti ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hazirudi bustanini zenyewe. Bustani inayoingiza fedha nyingi inaweza kukosa hata reki, isipokuwa kamati ipendekeze kiasi fulani kitengwe kwa matengenezo. Dhamana ya uharibifu ni jambo jingine. Lori la jukwaa likikanyaga ukoka siku moja baada ya mvua, udongo unashindiliwa na maji hayapenyi tena. Kurekebisha ni kutoboa kwa uma wa shamba na kutia mchanga na mboji, kazi ya siku kadhaa. Dhamana ilipwe kabla, na ukaguzi ufanyike kwa pamoja kabla na baada, kwa picha.

Saa 8:00 mchana

Baada ya chakula, njia ya nje ya uzio na Afisa Mtendaji wa Mtaa. Wakazi wanaonyesha pembe yenye giza. Kazi ya kwanza ni kujua nguzo ni ya nani. Taa za ndani ni zetu. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi 2017. Barabara kuu ni za TANROADS, na nguzo za njia ya umeme ni za TANESCO. Barua ikienda kwa asiyehusika, inarudi baada ya wiki tatu na giza liko palepale. Mama mmoja muuza vitumbua hapo getini anatoa taarifa bora kuliko ripoti yoyote: "Mwanangu, hii taa inakufa mvua ikinyesha, ikikauka inafufuka." Hayo ni maji kwenye maungio. Inaingia daftarini.

Saa 9:00 alasiri

Maombi ya ununuzi yanaingizwa kwenye mfumo wa NeST. Sifa za vifaa ziandikwe kwa ukamilifu: wati, kiwango cha kuzuia maji, urefu wa mkono wa taa, udhamini wa miaka mingapi. Ukiandika "taa ya LED" tu, utaletewa taa ya nyumbani na kamati ya mapokezi itakosa sababu ya kuikataa. Waya wa chini ya ardhi uwe wa alumini, maana shaba inachimbwa.

Saa 1:00 usiku

Taa zinawaka. Nguzo 4 imerudi baada ya tawi kukatwa. Nguzo 9 bado, na mfuniko wake una unyevu. Nguzo 13 inapepesa. Fundi anatumiwa namba mbili na dalili zake, aje saa 1 asubuhi na silikoni, maungio mapya na ngazi ya mita 6.