Vali ilipofifia mlio

Nilizaliwa na upungufu wa protini C, ile inayozuia damu isigande kupita kiasi. Nimeurithi kwa mama. Juu ya hilo nina vali ya bandia ya mitra, yaani mlango wa damu ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Hapo damu hupita kwa kasi ndogo kuliko kwenye vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, na damu inayokwenda taratibu huganda kwa urahisi. Ndiyo maana naambiwa INR yangu, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ikae kati ya 2.5 na 3.5, na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, siachi.

Vali ya namna hii hulia. Usiku kukiwa kimya naisikia ikigonga. Nilipoanza dawa za kifua kikuu, rifampisini ililifanya ini livunje wafarini upesi, na INR ikashuka ingawa daktari alikuwa akiniongezea dozi. Kisha mlio ukafifia, na pumzi ikaanza kunikata nikipanda ngazi. Sikungoja siku ya kliniki. Nilifika hospitali nikasema kabla ya salamu kwisha: "Nina vali ya bandia, damu yangu inaganda kwa kurithi, na mlio wa vali umebadilika." Nashukuru mno kwamba hawakunirudisha kwenye foleni. Eko ya kupitia umio, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha bonge la damu limeshika bawaba ya vali. Kibao kimoja kati ya viwili vinavyofungua na kufunga vali kilikuwa hakifunguki sawasawa.

Walichagua kuliyeyusha kwa dripu iliyopita polepole kwa saa nyingi, badala ya kunipasua kifua tena. Walinieleza hatari waziwazi: damu kuvuja ubongoni, au kipande cha bonge kuchomoka na kuleta kiharusi. Nilikubali huku nikiogopa. Eko ya marudio ilionyesha vibao vyote viwili vinacheza.

Kurudi kwenye wafarini ndiko kulikotaka uangalifu mkubwa. Siku za mwanzo dawa hii huishusha protini C mapema kuliko vigandishi vingi, yaani protini zinazogandisha damu, hivyo kwa mtu kama mimi damu inaweza kuganda zaidi, hata ngozi ikafa. Nilianzishwa dozi ndogo, heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ikiendelea mpaka INR ilipotulia mahali pake.

Sasa napimwa kila wiki. Rifampisini ikiisha, wafarini itapunguzwa hatua kwa hatua, la sivyo INR itapaa nianze kuvuja damu. Tarehe za vipimo hivyo tumeshazipanga na daktari.