Siku Tano kwa Gari na Mjukuu: Rothenburg, Nürnberg, Seiffen, Dresden

Kwa babu, bibi na mjukuu wa miaka 7 wanaozunguka masoko ya Krismasi ya Ujerumani, gari dogo linatosha, mradi liwe na matairi ya baridi. Sheria ya Ujerumani haijaweka tarehe. Penye barafu, theluji au rojorojo yake, tairi lazima liwe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani. Tangu Oktoba 2024 herufi M+S peke yake hazitoshi. Gari letu lilikuwa la kukodi, kwa hiyo tulikagua ubavu wa matairi yote manne kabla ya kutia saini. Kiti cha mtoto nacho ni lazima mpaka atimize miaka 12 au afike sentimita 150.

Koti nene halifungiwi ndani ya mkanda. Hewa iliyo kwenye koti hubonyea gari likigonga, na mkanda unabaki umelegea. Mvue mtoto koti, mfunge, kisha mfunike kwa koti hilo hilo. Kila kituo tulirudia hivyo, hata palipokuwa na kilomita tatu tu za kwenda.

Desemba jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kutua mnamo saa 10 jioni. Tuliendesha kuanzia saa 4 asubuhi, tukahakikisha tumefika saa 8 mchana. Hivyo mtoto analiona soko wakati taa zinawaka, na anaondoka kabla ya umati wa watu wanaotoka kazini.

Kutoka Frankfurt hadi Rothenburg ob der Tauber ni kama saa mbili kwa barabara za A3 na A7. Magari huachwa nje ya ukuta wa mji. Ndani ni mawe matupu, na kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo kinakwama. Juu ya ukuta kuna njia yenye paa, haina kiingilio, lakini ngazi zake ni nyembamba na kali: babu mbele, mtoto katikati, bibi nyuma. Schneeball, donge la vipande vya unga vilivyokaangwa, nunua dogo. Lile kubwa linamshinda mtoto, na chenga zote zinaishia kwenye kiti cha gari.

Nürnberg tuliliacha gari hotelini, tukapanda treni ya chini ya ardhi. Njia za U2 na U3 hazina dereva, kwa hiyo mtoto anaweza kukaa mbele kabisa na kulitazama handaki likimjia. Shuka stesheni kuu, tembea hadi uwanja wa Hauptmarkt, ufike kabla ya saa 6 mchana. Saa ya kanisa la Frauenkirche ikigonga, sanamu za wakuu saba wenye haki ya kumchagua mfalme zinamzunguka mfalme mara tatu, kumbukumbu ya hati ya mwaka 1356 iliyowathibitishia haki hiyo. Soko la watoto lipo Hans-Sachs-Platz, mwendo mfupi tu, na lina bembea ya kuzunguka yenye ghorofa. Kwa wasiokula nguruwe: zile soseji ndogo zinazouzwa tatu ndani ya mkate ni za nguruwe. Omba Kinderpunsch, kinywaji cha moto cha matunda kisicho na kilevi. Bei yake huongezwa amana ya kikombe, nayo unarudishiwa ukirudisha kikombe, basi weka noti ndogo na sarafu. Keki za Lebkuchen zenye jina Elisen lazima ziwe na angalau asilimia 25 ya lozi, hazelnut au walnut na unga usiozidi asilimia 10. Ukiuma moja unakutana na karafuu na mdalasini kama umefungua kabati la jikoni Unguja.

Siku ndefu ni ya kwenda Seiffen: A9, A72 hadi Chemnitz, kisha B174 kupanda milima ya Erzgebirge. Maji ya kusafishia kioo yawe ya kuhimili baridi kali, la sivyo yanaganda kwenye bomba wakati chumvi ya barabarani inakufunga macho.

Seiffen tulilala usiku mbili, na ndipo pa kukaa. Madini yalipofifia, watu wa milima hii waligeukia kukereza miti. Fundi huchukua pingili ya mti mbichi, anaikereza kwa patasi iwe pete, bila kuliona umbo analolichonga. Akiipasua pete kama keki, kila kipande kinatoka ng'ombe au farasi. Mtoto aitazame shughuli hiyo mpaka mwisho, asikimbizwe.

Hapa pia tulinunua piramidi ya mishumaa, pambo la mbao ambalo joto la mishumaa huzungusha mapanga yake ya juu. Pima tundu la mshumaa kwanza, kwani kuna mishumaa ya milimita 14 na ya milimita 17. Isipozunguka, sababu ni chache: upepo wa mlangoni, mapanga yaliyolala mno (yainamishe karibu nyuzi 45, yote sawa), au uchafu kwenye kikombe kidogo cha kioo inakosimama ncha ya mhimili. Usiiwashe chini ya pazia. Kuna pia sanamu ya mzee wa mbao anayetoa moshi mdomoni; huwekewa koni ya mkaa na ubani. Anayefukiza ubani nyumbani ataitambua harufu mara moja.

Dresden ni zaidi ya saa moja kushuka. Soko lake, Striezelmarkt, lilianza mwaka 1434. Siku ya kazi, saa 8 mchana, mtoto anaona meza za vibanda bila kubebwa. Tulichofuata ni Stollen, mkate mzito wa siagi na zabibu kavu. Zabibu hizo mara nyingi hulowekwa kwenye ramu, kwa hiyo uliza kwanza. Tuliufunga vizuri, ukasafiri kwenye buti, mbali na joto la kipasha gari. Nyumbani haukatwi kuanzia pembeni: unakatwa katikati, mjukuu anapewa kipande cha kwanza, kisha nusu mbili zinasukumwa zigusane ili usikauke.