Mzee aliyeukataa mpira wa mkojo

Alishushwa kwenye bodaboda amejikunja, mikono imeshika tumbo la chini. Mvuvi wa siku nyingi hapa Ukerewe, miaka 70 na ushee, hajakojoa tangu jana yake jioni. Nilipompapasa chini ya kitovu, kibofu kilikuwa kigumu kama tikiti. Daktari akaandika awekewe katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo.

"Binti yangu, huo mpira niliwahi kuwekewa. Sirudii."

Nikavuta stuli nikakaa, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema aliingiziwa harakaharaka, watu wakipita, damu ikamtoka. Nilimpa pole, kisha nikamwonyesha mpira wenyewe, namba 16, ungali kwenye pakiti yake.

"Nchani kuna kaputo. Ukishafika kibofuni nalijaza maji mililita 10, usichomoke. Ni kama nanga ya mtumbwi wako."

Akatazama kwa makini. "Na nanga ikitupwa kabla hatujafika?"

Ndilo kosa lenyewe. Puto likijazwa mpira ukiwa bado njiani, linachana njia ya mkojo. Nikamwahidi: sijazi mpaka nione mkojo, na hata nikiuona nitausogeza mpira mpaka ufike kwenye panda yake, pale unapogawanyika kwa nje. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, fanya."

Nikavuta pazia, nikanawa, nikavaa glavu tasa, nikamsafisha, nikaweka jeli ya ganzi. Kisha nikasubiri dakika 5 kwa saa. Wodi ikijaa, hizi ndizo dakika tunazoziruka, na mgonjwa ndiye anayezilipia. Tulizitumia kuzungumzia sangara.

Mpira ulikwama kwenye tezi dume. Sikusukuma. Nilishikilia pale pale, nikamwambia avute pumzi ndefu na kuishusha taratibu. Pumzi ya tatu ukapita, mkojo ukaja. Nikaendelea mpaka kwenye panda, ndipo nikajaza puto nikimtazama usoni. Hakukunja hata kipaji. Mwishoni nikarudisha govi mbele, kwa sababu likiachwa nyuma huvimba na kukaba.

Zilitoka mililita 900. Mzee alifumba macho, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

Kesho yake alikuwa anavuka kwenda Mwanza kuangaliwa tezi dume. Nikamfundisha mwanawe: kivukoni mfuko ukae chini ya kiuno, usilazwe sakafuni wala kupakatwa, na mrija usijikunje. Kijana akarudia maneno yote mbele ya baba yake, na alipokosea, mzee ndiye aliyemsahihisha.