Ukosi wa Arlecchino

Kikundi cha maigizo ninachokishonea mavazi hapa Padova, Italia, kimeamua kwamba msimu wake mpya wote uwe wa commedia dell'arte, vile vichekesho vya Kiitalia vilivyoshamiri tangu karne ya 16, ambavyo wengi wa wahusika wake huvaa barakoa za ngozi na kuuachia mwili sehemu kubwa ya usemi. Nimesita kidogo kuandika barakoa, kwa sababu msomaji wa leo atafikiria kwanza kile kitambaa cha siku za Uviko, na bibi yangu angefikiria ile ya wanawake wa Kimanga. Lakini neno kinyago nalo linanipeleka kwenye mti uliochongwa, na hii ni ngozi.

Mji huu una haki na fani hiyo. Tarehe 25 Februari 1545 wanaume wanane walifika mbele ya mthibitishaji wa hati hapa Padova, wakafunga mkataba wa kuigiza pamoja chini ya mwenzao aliyeitwa Ser Maphio. Katika masharti yake, wangenunua farasi mmoja kwa fedha za wote ili awabebee mizigo kutoka mji hadi mji, mapato yangewekwa katika kasha lenye funguo tatu, atakayeugua angesaidiwa kwa fedha za pamoja, na karata hazikuruhusiwa isipokuwa kwa kushindania chakula. Neno arte katika jina la fani hii lilimaanisha kazi ya ujuzi, kama vile uhunzi au ushonaji wangu, na ndiyo maana hunikera kumsikia mtu akisema kwamba waigizaji hawa walikuwa wakijibunia tu lolote lililowajia.

Ni kweli kwamba hawakuwa na mswada kamili wa mazungumzo, bali muhtasari wa matukio ulioonyesha nani anaingia lini na kwa sababu gani. Hata hivyo, mwigizaji wa aina hiyo aliweza kumshika mhusika mmoja kwa miaka mingi, awe Pantalone mfanyabiashara bahili wa Venezia au Dottore msomi wa Bologna anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, na alikuwa na akiba ya hotuba, matusi na vituko alivyovizoea kiasi cha kuvichomoa pale vinapohitajika. Vituko hivyo huitwa lazzi.

Tutafungua na kile kichekesho cha Carlo Goldoni kuhusu mtumishi mwenye mabwana wawili, ambacho alikianza mwaka 1745 akiwa wakili mjini Pisa, kwa ombi la mwigizaji Antonio Sacchi. Juma lililopita nilikaa pembeni na pini zangu nikitazama zoezi la tukio ambalo mtumishi huyo, Arlecchino, akiwa hajala tangu asubuhi, anataka kuifunga tena barua ya bwana wake kwa sehemu laini ya mkate aliyoitafuna. Anatafuna, na kabla hajautoa mkate kinywani, koo linammezea. Anachukua kipande kingine, nacho kinashuka. Kijana anayeigiza hakusema karibu neno lolote; alibana magoti, akanyoosha shingo kama kuku anywaye maji, kisha akaukodolea mkono wake mtupu kana kwamba umemwibia.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Barakoa hiyo ni nusu, inaacha mdomo wazi, lakini matundu ya macho ni madogo mno, kwa hiyo mwigizaji analazimika kutazama kwa pua: anageuza kichwa kizima, na watazamaji wanafuata ncha ya pua hadi kwenye mkate, kwenye barua, kwenye nzi. Mimi nilikuwa nimemshonea ukosi mrefu, mgumu, mzuri kwa macho. Kila alipogeuza kichwa, mabega yalifuata, na mzaha ulichelewa kwa nukta moja, jambo ambalo katika kazi hii ni sawa na kuuua.

Barakoa yenyewe imesumbua watu wakubwa kuliko sisi. Mwongozaji Giorgio Strehler alipoiweka tamthilia hii jukwaani mwaka 1947 katika Piccolo Teatro ya Milano, Marcello Moretti aliyekuwa Arlecchino alianza kwa kujipaka barakoa usoni kwa rangi. Baadaye aliridhia kuvaa ya ngozi kutoka kwa Amleto Sartori, mchongaji wa hapahapa Padova, aliyefufua ufundi wa kulowesha ngozi, kuitandika juu ya umbo la mti na kuigongagonga mpaka ishike sura. Ferruccio Soleri, aliyempokea Moretti, alimwigiza mtumishi huyo hadi uzeeni. Kazi za Sartori na mwanawe Donato zimehifadhiwa katika makumbusho ya Abano Terme, mwendo mfupi kutoka hapa, na anayetaka kujua ngozi inavyoweza kuwa na njaa au ubahili aende akazitazame kwa karibu.

Jana usiku niliufumua ukosi wote. Nimeuweka wa pamba laini, umelala chini kabisa, na chini ya kila kwapa nimeongeza kipande cha pembe nne ili mikono ipande bila kuvuta kiuno. Viraka vya rangi bado sijavimaliza. Asubuhi kijana aliujaribu, akageuza pua kulia, akaigeuza kushoto, mabega yakatulia. Kisha akaniomba mkate mwingine, kwa kuwa ule wa zoezi alikuwa ameumeza wote.